Wageni wa Kichina wameniaga kwa tabasamu, wakaenda kulala kwingine. Nilikosea wapi?

Mama wa Rau (mleta mada)

Habari za jioni wana jamvi. Wakubwa zangu shikamooni.

Nina nyumba ya wageni hapa Rau, Moshi. Vyumba sita, si hoteli. Nilianza mwaka 2013 na vyumba viwili vya uani, vingine nimeongeza kidogo kidogo kwa hela ya vikoba. Wageni wangu ni wa mlimani: wanalala usiku mmoja au mbili kabla ya kupanda, na mmoja wakishuka. Miaka yote hii wamekuwa Wajerumani, Waholanzi, Wamarekani na Waingereza wachache. Hao nimewazoea. Mjerumani ukimwambia chai ni saa moja, saa moja kasoro dakika tano yuko mezani. Mmarekani ataomba barafu. Wakishuka mlimani watavuta viti mpaka katikati ya uwanja, walale juani wawe wekundu kama nyanya, mimi napita nawabembeleza wajifunike kichwa.

Na kitu kikimkera Mzungu, anakuambia. Yai limeiva mno, analirudisha. Godoro linabonyea, anakuita uje ulione. Miaka ya mwanzo nilikuwa nikiingia jikoni kulia, maana kwetu mgeni hamsemi mwenyeji wake mbele ya watu. Baadaye nikaona ni heri hivyo. Narekebisha, yanaisha, jioni tunaongea vizuri.

Sasa Agosti nilipokea wageni sita kutoka China. Mzee na mkewe, binti yao na mume wake, na marafiki wawili. Kijana mmoja tu ndiye alijua Kiingereza. Nilifurahi sana, nikampa mzee chumba namba nne, ndicho kizuri kuliko vyote, dirisha lake linaangalia Kibo asubuhi mawingu yasipokuwepo.

Jioni ile kijana akaja jikoni akasema wazee wanaomba maji ya moto. Msichana wangu akachemsha ndoo nzima akaipeleka bafuni. Mzee akaja, akaiangalia ile ndoo, akasema asante. Basi.

Asubuhi nikaandaa meza kama ninavyowaandalia wageni wangu siku zote: juisi ya pasheni kutoka kwenye friji, maziwa baridi na konfleksi, papai, tikiti, mkate, siagi, mayai. Nilimwona yule mama akigusa glasi ya juisi kwa mgongo wa kidole, kisha akaisogeza pembeni taratibu. Walikula mayai na ndizi, kidogo. Nikawauliza kama chakula kimetosha, kuna kingine wanachohitaji? Kijana akatafsiri, wote wakatabasamu: hapana, vizuri sana, asante sana.

Walikuwa wameweka nafasi ya siku tatu. Siku ile ile mchana wakafunga mizigo, wakalipa siku zote tatu, wakanishika mkono mmoja mmoja wakaondoka. Wiki iliyofuata dereva wao akaniambia walihamia hoteli nyingine mjini. Hawakuniachia neno lolote, na ile hela ya siku mbili ambazo hawakulala mpaka leo inanichoma.

Tarehe 2 Oktoba nina kikundi kingine cha watu wanane kutoka huko huko. Naomba walioishi nao au kufanya nao kazi wanieleze hawa watu wanaishije, na wanatofautianaje na hawa Wazungu niliowazoea. Maneno ya vijiweni kwamba Wachina wanakula hiki na kile nimeyasikia, siyataki kwenye uzi huu. Nataka kumpokea mgeni wangu vizuri.

Naomba kuwasilisha.

Kijana wa Marangu

Shikamoo mama. Mimi ni mwongoza wageni, huu mwaka wa 14 mlimani, nilianzia kwenye kubeba mizigo.

Maji ya moto aliyoomba mzee yalikuwa ya kunywa. Sio chai, sio kahawa, maji matupu ya moto. Kila Mchina wa umri wake niliyepanda naye ana chupa ya chuma begani, na kila tunapofika anauliza maji ya moto, hata kambi ya Mandara saa sita mchana jua limewaka. Mpishi wangu alikuwa analalamika kwamba gesi inaisha. Siku hizi tukiwa na kikundi chao tunabeba mtungi wa ziada na maneno yameisha. Hata kambi ya Horombo, mita 3,720, ambako maji yanachemka kwenye nyuzi 87 hivi na majani ya chai hayatoi rangi vizuri, watayanywa hivyo hivyo na kushukuru.

Niongeze na la tipu, maana hapa vijana wengi tunaumia bila sababu. Mmarekani anakua akijua tipu ni sehemu ya mshahara wa mtu. Kwao sheria ya nchi inaruhusu mhudumu wa mgahawa kulipwa dola 2.13 kwa saa, kiwango hicho hakijabadilika tangu 1991, kinachobaki kinatoka kwa mteja. Kwa hiyo akishuka mlimani mkono wake unafunguka wenyewe. China hakuna mazoea hayo kabisa. Mgeni wangu mmoja aliniambia kwao ukiacha chenji mezani mhudumu anaweza kukukimbilia barabarani akurudishie, anadhani umesahau. Sasa mtu kama huyo akishuka Marangu getini akaona wapagazi 18 wamesimama wanamwangalia, anachanganyikiwa, anatoa kidogo au hatoi, na vijana wanasema Wachina ni wabahili.

Mimi nasema siku ya kwanza, kabla hatujaingia getini, mbele ya wote: tipu ya wapagazi ni kiasi hiki, ya mpishi hiki, ya mwongozaji hiki. Wanaandika. Hakuna kikundi chao kilichowahi kunipunguzia hata shilingi. Ila kwa kampuni moja niliyowahi kufanyia kazi, ofisi haikuwaambia wageni chochote, tukashuka watu 20 na zaidi tukiwa na bahasha moja nyembamba. Lile sikuwalaumu wageni.

Binti Kaloleni

Shikamoo mama. Mimi ni wa Arusha, nimesoma Wuhan, China, miaka mitano. Uzi wako umenigusa kwa sababu hayo yaliyokukuta mimi yalinikuta kwa upande wa pili.

Nianze na maji. Wuhan kiangazi kina joto na unyevu wa kukukaba koo, na mwalimu wangu alikuwa anaingia darasani na chupa ya maji ya moto. Bwenini kwetu kulikuwa na mtambo wa kuchemshia, jioni tunapanga foleni na chupa za chai kama watu wanaosubiri bomba la mtaa. Kwenye treni kila behewa lina bomba la maji ya moto. Sababu ziko mbili. Tiba yao ya asili inasema mwili una moto na baridi, na ukimwaga kitu cha baridi tumboni unauvuruga. Halafu mwaka 1952 serikali ilianzisha kampeni kubwa ya afya nchi nzima, watu wakahimizwa kuchemsha maji ili kuua vijidudu. Yule mama aliyegusa glasi amelelewa humo. Juisi ya friji asubuhi, kabla tumbo halijaamka, kwake ni kumtafutia mtu ugonjwa.

Kwa hiyo asubuhi kila kitu kiwe cha moto. Wuhan tulikuwa tunakula tambi za moto zilizochanganywa na ufuta uliosagwa, tena watu wanakula wakitembea kwenda kazini. Kwingine ni maandazi yaliyopikwa kwa mvuke, maziwa ya soya ya moto, na uji wa mchele. Huo uji ndio mkombozi wako. Ni mchele na maji tu, upikwe mpaka upasuke na kulainika, usitie sukari wala maziwa. Pembeni weka yai la kuchemsha, karanga za kukaanga, na mboga. Mboga ipikwe. Saladi mbichi wanaionea mashaka.

Kwenye meza usimpe kila mtu sahani yake iliyojaa. Mzungu anataka sahani yake, nyama yake, mpaka wake. Wao vyombo vinawekwa katikati, kila mtu ana bakuli dogo la wali, mkono unakwenda katikati unarudi. Wakubwa wanaanza. Ukiwa na vijiti usivisimamishe kwenye wali hata kwa bahati mbaya, vinaonekana kama vijiti vya ubani vinavyochomwa kwa ajili ya marehemu.

Chumba namba nne. Pole mama yangu, najua ulimpa kwa moyo. Kwa Kichina nne inatamkwa karibu sawa na neno la kufa. Majengo mengine yanaruka ghorofa ya nne na ya 14, kama hoteli za Wazungu zinavyoruka 13. Nane ndiyo wanaipenda kwa sababu inafanana na neno la kufanikiwa, ndiyo maana Olimpiki ya Beijing ilifunguliwa tarehe 8 mwezi wa 8 mwaka 2008, saa mbili na dakika nane usiku. Sio kila mtu anajali, lakini mzee wa miaka 70 na kitu aliyekuja kumaliza ndoto yake ya mlima, kumlaza namba nne…

Sasa lile linalokuuma, kwamba hawakusema. Wana neno lao, mianzi, maana yake uso. Waswahili tunasema uso umeumbwa na haya, ni huo huo. Kukuambia kwamba umekosea, wewe mwenye nyumba, mbele ya wasichana wako, ni kukuondolea uso. Hela ya siku tatu walikulipa ili usiaibike. Hawakukudharau mama.

Na ulipowauliza kama wanahitaji kingine, uliuliza mara ngapi? Mimi nilipoalikwa mara ya kwanza na familia ya rafiki yangu, mama yake akaniuliza kama aniongezee. Nikasema ndiyo, nina njaa. Rafiki yangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Baadaye akanieleza: unakataa, anauliza tena, unakataa, mara ya tatu haulizi, anakuwekea. Anayeuliza mara moja tu anaonekana anatimiza wajibu.

Mama wa Rau

Binti, nimesoma hapo mwisho nikakaa chini.

Mama yangu alikuwa wa Kibosho. Mgeni akisema ameshiba, mama alikuwa anasema "bado hujakula" na mkono uko kwenye chungu tayari. Ukikataa ndizi anakuletea maziwa, ukikataa maziwa anakufungia mkungu uende nao. Hakuna mtu aliyetoka kwenye nyumba ile kwa neno la "hapana asante" la mara moja. Na mimi nililelewa hivyo hivyo.

Wazungu ndio walionifundisha kuuliza mara moja. Mwaka wa kwanza nilimwongezea Mholanzi mmoja wali baada ya kukataa, akakasirika kweli, akaniambia nikisema hapana maana yake hapana. Nikajifunza. Nikawafundisha na wasichana: uliza mara moja, mwamini mgeni. Miaka yote nikijua huo ndio ustaarabu wa wageni wa nje, wote. Kumbe wale wazee walikuwa wanasubiri niwafanyie vile mama angewafanyia.

Muuguzi

Mama shikamoo, na hongera kwa kuuliza. Mimi ni mzaliwa wa Old Moshi, nafanya kazi ya uuguzi kwenye nyumba ya wazee Hamburg, Ujerumani.

Naomba niwatetee kidogo Wazungu, maana hapa tunawaweka kwenye kapu moja. Mholanzi na Mjerumani atakuambia yai limeiva mno. Mwingereza hakwambii. Atasema ni tamu sana, kisha analiacha kwenye sahani, karibu sawa na Mchina wako. Na chakula cha baridi si cha Wazungu wote: Wajerumani ndio wana chakula cha jioni cha mkate, jibini na nyama za kukatwa, hakuna jiko linalowashwa. Mwezi wa kwanza nilikuwa nalala na njaa nikidhani chakula chenyewe bado kinakuja.

Kuhusu hesabu ya mgahawani: tukitoka na wenzangu Wajerumani, mhudumu anauliza kama tunalipa pamoja au kila mtu chake, na kila mtu anataja soda yake na supu yake mpaka senti, hakuna anayeona aibu. Nina wenzangu wawili Wachina hapa kazini. Hao tukienda nao wanagombania bili kwa mikono, mmoja anajifanya anaenda chooni kumbe anaenda kulipa. Mama, hawa wako wakifika siku ya malipo, kama wanavutana, waache wavutane, usiwagawie bili mara nane.

Jambo moja nimelifikiria sana kazini. Bibi wa Kijerumani wa miaka 88 ananikatalia nisimfunge vifungo vya sweta. Inamchukua dakika kumi, mikono inatetemeka, na ole wako umsaidie. Kwake heshima ni kuachwa afanye mwenyewe. Watoto wake wanakuja Jumapili saa tisa na keki, wanapendana, ila kila mtu kwake. Mwenzangu Mchina hilo linamtoa machozi. Kwao tangu tarehe 1 Julai 2013 kuna sheria inayowataka watoto wanaoishi mbali kuwatembelea wazazi wao mara kwa mara. Mimi nasimama katikati ya hawa wawili, namfikiria mama yangu yuko Kidia na dada wa kazi, na mimi niko huku nawavalisha wazazi wa watu.

Samahani, nimetoka nje ya mada.

Binti Kaloleni

Hujatoka dada. Na pole.

Mama, nimesahau la kuwaita. Usiwaite wazee kwa jina la kwanza kama Wamarekani wanavyotaka. Kwao jina la ukoo linatangulia: Yao Ming yule wa mpira wa kikapu, Yao ndio ukoo. Mama wa umri mkubwa mwite "ayi", ni kama kumwita mama mdogo kwa heshima. Kichina kina undugu kama wetu: kaka mkubwa wa baba ni bobo, mdogo wake baba ni shushu, kaka wa mama ni jiujiu, dada wa baba ni gugu. Sisi tunasema baba mkubwa, baba mdogo, mjomba, shangazi, na kila mmoja ana nafasi yake siku ya harusi. Mwingereza hao wanaume watatu wote anawaita kwa neno moja. Nilipomwelezea mwalimu wangu kwamba Kiswahili kinatenganisha, aliandika maneno yetu ubaoni.

Zawadi toa kwa mikono miwili, na usisubiri wafungue mbele yako kama Wazungu. Wakikataa mara ya kwanza usirudishe kabatini. Kahawa ya Kilimanjaro inatosha. Usiwape zile saa za ukutani za mbao, kumpa mtu saa kwa Kichina kunasikika kama kumsindikiza kaburini.

Mzee wa Reli

Wanangu, salaam. Niko Arusha, Sakina, mstaafu.

Nilikuwa na miaka 19 nilipokwenda kufanya kazi kwenye reli ya TAZARA, upande wa Mlimba, mwaka 1972. Nimeishi na Wachina kambini mpaka reli ilipokamilika 1975. Kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na wengine wao hawakurudi kwao, wamezikwa Gongo la Mboto.

Nasoma mnavyosema, mengi ni kweli. Maji ya moto ni kweli: walikuwa na vikombe vya bati vyenye mfuniko, majani ya chai chini, wanaongeza maji kutwa. Walilima bustani za mboga pembeni ya kambi kabla hata mahema hayajakaa sawa. Mhandisi wao alishika koleo sawa na mimi, akavaa nguo za rangi ile ile na vibarua wake, na ilinichukua wiki kujua kwamba ndiye mkubwa.

Lakini kuhusu kutosema, hapana. Yule mhandisi nilipofunga nati vibaya alinisema pale pale, kwa sauti, kwa Kiswahili chake cha kuunga. Kazini walisema. Walichokuwa hawasemi ni shida zao wenyewe. Kijana mmoja aliumwa malaria siku nne tunabeba naye mataruma, hakufungua mdomo mpaka alipoanguka. Kwa hiyo mama, usikae ukisubiri wakuambie kwamba wanasikia baridi au wamekosa kitu. Angalia mwenyewe.

Na wale walikuwa watu wa miaka ya sabini. Wanaokuja sasa na simu zao wamezaliwa kwenye nchi nyingine kabisa. Mwanangu ana jirani wa Kichina hapa Arusha, kijana wa miaka 25, anakunywa soda ya barafu asubuhi. Msiwashonee wote sare moja.

Mama wa Rau

Shikamoo baba. Nimekusikia. Nashukuru sana.

Fundi wa rangi anakuja kesho. Nafuta namba zote sita, vyumba vitaitwa Kibo, Mawenzi, Shira, Marangu, Machame na Umbwe. Mzee wa kikundi atalala Kibo.

Mama wa Rau (mrejesho, 9 Oktoba)

Wakuu, nilisema nitarudi.

Walikuja wanane, watatu ni watu wazima sana, watano vijana. Nilinunua chupa sita za chai soko la Mbuyuni, moja kila chumba, maji yanajazwa saa kumi na moja alfajiri na saa moja usiku. Nikaweka ndala mpya za kuvaa ndani mlangoni kwa kila mtu. Yule Kijana wa Marangu alinipigia mwenyewe kuuliza kama nimekumbuka ndala, nashukuru mwanangu.

Uji niliupika mwenyewe, mchele wa Magugu, nikauweka motoni saa kumi usiku na tangawizi kidogo ya kukatwa nyembamba. Sikuamini uji usio na sukari unaweza kuliwa. Ayi, mama mkubwa kuliko wote pale, alichukua bakuli, akaliinamia, akavuta ule mvuke puani, akafumba macho. Kisha akanywa kwa sauti mpaka chini. Nikamwambia aongeze, akakataa. Nikamwambia tena, akatikisa mkono. Mara ya tatu sikusema kitu, nikachukua upawa nikamjazia. Akanishika mkono huu wa kushoto, akaniambia kitu kirefu ambacho hakuna aliyenitafsiria, na sikutaka kitafsiriwe.

Siku ya pili aliingia jikoni. Wasichana walishtuka, maana Mzungu haingii jikoni mwangu bila kubisha hodi. Ayi akaona fungu la chainizi kwenye beseni, akacheka kweli, akaliinua kama amekutana na ndugu yake stendi. Nikamwonyesha kwa mikono kwamba hata sisi tunaiita hivyo, ya kwenu. Aliosha sufuria, akaipasha moto mpaka ikatoa moshi, akatia mafuta na vitunguu saumu, chainizi ikaingia na kutoka kabla sijageuka. Mimi huwa naichemsha mpaka inalegea. Ile yake ilikuwa kijani, inakatika kwenye meno. Tangu siku hiyo wasichana wanaipika hivyo na mimi naila hivyo.

Nilikosea pia. Kuna binti wa miaka 23 au 24 hivi kwenye kikundi, nilimwongezea chakula mara tatu kama nilivyofundishwa, mara ya nne akaniambia kwa Kiingereza kizuri, Mama, kweli nimeshiba, na akaniuliza kama nina kahawa ya baridi yenye barafu. Baba wa Sakina, ulisema. Nikampa barafu ya Wamarekani. Huyo huyo binti alishinda kutwa chumbani amefunga mlango, na mwavuli wake wa jua ukiwa umening'inia dirishani, na sikumgongea.

Siku ya kulipa wanaume wawili walivutana kwenye kaunta yangu, nikakumbuka Muuguzi, nikageuka nikahesabu funguo. Walinipa pakiti ya majani ya chai. Nilikataa mara mbili, nikapokea kwa mikono miwili, sikufungua. Nilifungua walipokata kona ya barabarani.

Muuguzi mwanangu, Jumamosi napanda Old Moshi kwa shughuli za kanisa. Kama utaniruhusu, nitumie namba kwa ujumbe wa pembeni, nipite nimsalimie mama. Sio mbali na njia yangu.

Chupa moja imevunjika kioo cha ndani, leo asubuhi nimeenda Mbuyuni nimenunua tatu, mbili ni za akiba. Ijumaa wanakuja Waholanzi sita. Hao wakisema hapana, ni hapana.